Baraza la Nyumbani: Kurejea Kwetu ni Kuhama Mara ya Pili



Mwezi huu tumeziweka kando barua nyingine zote, kwa sababu imetufikia bahasha moja yenye barua mbili. Imetoka Uingereza, nao walioileta ni mume na mke, wazaliwa wa Unguja wote wawili. Kila mmoja ameandika yake, na wamepatana kwamba hapana atakayeisoma ya mwenziwe mpaka zitoke katika ukurasa huu. Wametupa ruhusa ya kuzieleza, nasi tumeficha majina yao na mji wakaao. Jambo lao si lao peke yao. Katika nyumba nyingi zisomazo gazeti hili yuko mtoto, ndugu au mkwe aliye ng'ambo, na kila Idi huulizwa swali lile lile: je, utarudi lini?

Kwanza barua ya mume. Bwana huyu aliondoka Unguja mwaka 2001, kijana wa miaka 27. Leo amepita miaka 50, na kazi yake ni kuendesha basi. Amekwisha kuchukua uraia wa Uingereza. Baba yake alifariki mwaka 2004, wakati karatasi zake za ukaazi hazijatimia, basi hakuweza kwenda kumzika. Akapokea tanzia kwa simu, akarudi kazini siku ya tatu. Sasa mama yake ana miaka 78 na nuru ya macho inapungua. Asema kwamba hataki kumkosa mama kama alivyomkosa baba. Amejenga nyumba Fuoni, nayo imesimama kwenye lenta kwa miaka 6, kwa kuwa fedha alizokuwa akizipeleka hazikufika zote kwenye matofali. Ataka mwaka huu huu, skuli zikifungwa, wafunge mizigo warudi. Akamaliza kwa methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Barua ya mke ni fupi zaidi. Yeye alimfuata mumewe mwaka 2006. Afanya kazi ya kuuguza katika nyumba ya wazee. Wana binti wa miaka 15, ambaye mwaka ujao ana mtihani mkubwa wa skuli, na mwana wa miaka 11 mwenye maradhi ya selimundu, ahudhuriaye hospitali mara kwa mara. Bibi huyu ana ruhusa ya ukaazi wa kudumu Uingereza, lakini hakuchukua uraia wake, kwa kuwa moyo haukumpa kuirejesha pasi ya Tanzania. Aandika hivi: "Mimi sikatai kurudi. Ninalokataa ni kurudishwa. Mavyaa wangu nampenda, lakini najua atakayemwosha na kumlisha si mwanawe, ni mimi. Na mwanangu akishikwa na maumivu usiku wa manane, nimpeleke wapi?"

Ndugu zetu wawili, tumezisoma barua zenu mara nyingi. Hatukuona ndani yake mtu mwenye kosa. Tumeona watu wawili watumiao neno moja, "kurudi", na kila mmoja analikusudia jambo lake. Tuanze basi na neno hilo.

Bwana, methali yako ni ya haki, lakini itazame vizuri. Mwenda tezi na omo hurejea ngamani kwa sababu hajatoka chomboni. Amekuwa akitembea juu ya sitaha ya jahazi lile lile. Wewe ulishuka mwaka 2001. Jahazi uliloshuka limekwenda safari zake, limebadili mabaharia na limepakia shehena nyingine. Vijana uliocheza nao sasa ni wazee wa mtaa, na wengine wako kaburini. Watoto wako hawakupata kupanda jahazi hilo hata siku moja, isipokuwa kwa kutembezwa. Kwa hiyo mfanyalo si kurejea ngamani. Mtakuwa mnahama kwa mara ya pili, na mwenye kuhama huhesabu mambo ambayo mwenye kurudi huyasahau.

Tuna mfano ulio karibu nasi sana. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari, 1964, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliondoka visiwani. Sultani wa Oman wa siku hizo, Said bin Taimur, hakuwafungulia wengi mlango. Wakatawanyika Dubai, Kuwait, Misri na Uingereza. Tarehe 23 Julai, 1970, mwanawe Qaboos alishika utawala, akawaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi. Wakaitika, na wengi wao walitoka katika nyumba za Waswahili wa Unguja na Pemba.

Walirudi kwenye nini? Wengi walikuwa hawajaiona Oman kwa macho yao. Babu zao ndio waliotoka huko. Nchi waliyoikuta ilikuwa na skuli 3 tu za serikali, zote za wavulana, na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10 hivi. Malango ya mji wa Maskati yalikuwa yakifungwa usiku. Walioacha Unguja yenye skuli, mataa na barabara walijikuta wanajifunza kuishi upya. Wengine hawakujua Kiarabu ila cha sala, na katika ofisi iliwapasa kusema kwa Kiingereza. Ili wapewe uraia, walihitaji kuthibitisha nasaba yao kwa masheha wa makabila, kabila ambalo wengine walikuwa wakilisikia tu katika hadithi za bibi. Na jambo lililowauma zaidi ni jina. Unguja walikuwa wakiitwa Waarabu; Oman wakaitwa Wazanzibari.

Walakini wengi wao walifanikiwa. Mafuta ya Oman yalianza kuuzwa nje mwaka 1967, fedha ikaingia, lakini watu wajuao kusoma na kuandika walikuwa haba. Waliotoka Zanzibar walikuwa na elimu hiyo, wanaume kwa wanawake, na mabibi wengi wakawa walimu, wauguzi na makarani katika nchi ambayo kabla ya hapo haikuwa na skuli moja ya serikali ya wasichana. Hawakufanikiwa kwa sababu walikuwa kwao. Walikuwa na kitu mkononi ambacho nchi ilikihitaji, na walikubali kujifunza kama wageni. Na hata leo Kiswahili chasikika katika majumba ya Maskati, na wajukuu wao husafiri kwenda Unguja kuitazama nyumba ya babu. Kurudi hakukuimaliza hamu. Kulibadili tu upande inakoelekea.

Nao mfano wa zamani zaidi mnaujua. Waislamu wa kwanza walipoteswa Makka, baadhi yao walihamia Uhabeshi yapata mwaka 615. Haikupita muda, zikawafikia habari kwamba Makureshi wamesilimu na mambo yamekuwa shwari. Baadhi wakarudi kwa uvumi huo, wakakuta ni uongo, wakaingia katika dhiki nyingine. Jaafar bin Abi Talib na mkewe, Bibi Asmaa binti Umays, walikaa kwa Najashi, wakazaa huko na kulea, hata mwaka 628 ndipo walipopanda jahazi. Na hawakurejea Makka walikozaliwa. Walikwenda Madina, mji wasioujua, kwa sababu huko ndiko waliko watu wao na ndiko iliko kazi yao. Walipofika, Bibi Asmaa aliambiwa na sahaba mmoja mkubwa kwamba wenzao wa Madina wamewatangulia kwa hijra. Hakunyamaza, alimwendea Mtume, s.a.w., akamweleza miaka waliyokaa katika nchi ya mbali kwa hofu na shida. Mtume akamjulisha kwamba wao, watu wa jahazi, wana hijra mbili.

Tazameni basi: safari ile ya kurejea ilihesabiwa kuwa hijra kamili, yenye taabu yake na thawabu yake. Na aliyelisimamia jambo hilo mpaka likajulikana alikuwa mke.

Sasa tuje kwenye mambo yenu wenyewe, tuanze na karatasi, kwani hapo pana jambo ambalo pengine hamjaliona. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Wewe, bwana, ulipochukua uraia wa Uingereza, uliupoteza wa Tanzania. Mwaka 2025 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini si uraia. Nenda ukaulize masharti yake kabla ya kukata tikiti. Tena mambo ya ardhi ya Zanzibar yana sheria zake za Zanzibar, basi hakikisha kiwanja cha Fuoni kimeandikwa kwa jina la nani. Mke wako, kinyume chako, ni raia kamili wa Tanzania, wala haombi ruhusa ya mtu kuishi Unguja. Lakini ukaazi wake wa Uingereza huanguka akikaa nje ya nchi hiyo miaka 2 mfululizo. Ikipita hiyo itambidi aombe upya, wala hana hakika ya kupewa.

Mwaona yalivyo? Ninyi wawili mtapanda ndege moja, na kila mmoja atakuwa katika safari yake. Mambo yakiharibika, bwana na watoto waliozaliwa huko waweza kurudi Uingereza siku yoyote, ilhali mama yao huenda akafungiwa mlango. Hofu ya mke si ukaidi wala si kupenda Uzungu. Ina msingi, hata kama yeye mwenyewe hakuweza kuueleza kwa lugha ya sheria. Lakini lipo na la kushukuriwa: nyumba yenu ina funguo za milango miwili, mmoja kwa baba na mmoja kwa mama. Msiutupe ufunguo wowote kwa haraka.

Kisha yapo mambo ya riziki. Mjuavyo, pensheni kamili ya serikali ya Uingereza hutaka michango ya miaka 35, na mwenye pungufu hupata kwa kadiri ya miaka yake. Mtu akiishi Tanzania huletewa, lakini kiasi chake hakiongezwi kila mwaka kama kwa wakaao Uingereza; kile alichoanza nacho ndicho azeekacho nacho. Na mwenye kuhama kabisa hupoteza haki ya kutibiwa bure huko kama mkaazi. Hayo si sababu ya kukata tamaa. Yafaa yaandikwe katika daftari, upande mmoja haya na upande wa pili yale, nanyi mkiwa mmekaa meza moja.

Katika upande wa pili, bwana, andika maradhi ya mwanao mstari wa kwanza. Selimundu ni maradhi yajulikanayo sana katika nchi zetu, na madaktari wayatibuo wapo. Lakini mzazi hatosheki kuambiwa kwamba hospitali ipo. Nenda mwenyewe ukaulize: dawa anayoitumia yapatikana, na hukosekana mara ngapi? Damu ikihitajika usiku, hutoka wapi? Kutoka Fuoni mpaka kitandani ni saa ngapi? Majibu hayo umletee mkewe kabla hujamletea ramani ya nyumba.

Ama mama yako, hapa twataka kusema nawe kwa upole. Haki ya mama ni kubwa, wala hakuna katika baraza hili atakayekuambia uidharau. Lakini haki hiyo iko juu yako wewe, mwanawe. Ukirudi kisha ukaenda kutafuta riziki tangu asubuhi mpaka jioni, na mkeo ndiye akabaki na kumwogesha mzee, utakuwa umelilipa deni lako kwa mkono wa mtu mwingine. Mke akifanya hivyo kwa hiari yake ni ihsani ambayo hapana awezaye kuilipa ila Mwenyezi Mungu. Haifai kuhesabiwa tangu mwanzo kama sehemu ya mizigo. Tena usingoje kuhama ndipo umwone mama. Omba likizo mwezi ujao, uende peke yako, ukae naye, umpeleke kwa daktari wa macho, umsomee barua zake. Mwenye miaka 78 haangalii kama umehama au umezuru. Yeye aitazama sauti yako imetoka chumba gani.

Nawe, bibi, tuna neno kwako. Umesema hukatai kurudi. Basi sema lini. Twawajua wengi walioanza kwa "mpaka watoto wamalize skuli", ikawa "mpaka waoe", ikawa "mpaka wajukuu wakue", na katika muda huo wote hawakununua kiti kizuri katika nyumba waliyomo kwa kuwa wanaondoka, wala hawakujenga kule kwa kuwa hawajaondoka. Wameishi miaka 40 kama abiria ukumbini. Kutoamua nako ni kuamua, ila ni uamuzi usiojulikana mwenyewe. Kama mtihani wa binti ndio kizuizi, ni kizuizi cha haki, lakini kina tarehe. Itajeni tarehe hiyo.

Na binti huyo, je, amekwisha kuulizwa? Hakuna barua yake katika bahasha. Mtoto wa miaka 15 hapewi uamuzi wa nyumba, lakini hanyimwi kusemeshwa. Yeye ndiye atakayeitwa Mngereza katika skuli ya Unguja, kama watoto wa Maskati walivyoitwa Wazanzibari. Anzeni na lugha. Kama Kiswahili chake ni cha kuelewa tu na kujibu kwa Kiingereza, basi nyumba yenu isiseme lugha nyingine mezani tangu leo. Mkihama kitamfaa, msipohama kitamwezesha kuzungumza na bibi yake bila mkalimani.

Rai yetu basi ni hii, nanyi mna hiari ya kuikataa.

Kwanza, bwana atangulie kumwona mama na kuyauliza tuliyoyataja, naye akija asifiche lisilompendeza. Pili, likizo ndefu ya skuli ikifika, nendeni wote mkakae Unguja kama wakaazi. Msikae hoteli, wala msifanye ziara za kupeana zawadi. Nendeni sokoni na shilingi, msihesabu kwa pauni. Pangeni foleni ofisini. Lalaneni na joto umeme ukikatika. Tatu, binti afanye mtihani wake. Nne, mkiona kheri, hamieni, lakini wekeni ahadi kwa maandishi kwamba mwezi wa 18 mtakaa tena meza moja na kuulizana: twabaki au twarejea Uingereza? Ingalipo miezi 6 mbele yenu, mlango wa mama haujafungwa, na mtaamua mkiwa huru. Mshaurianeni kwanza, kisha msali istikhara. Msiifanye istikhara kuwa mahali pa kukimbilia ushauri.

Na kama mwisho wa yote mtaona hamwezi kurudi, hilo nalo si aibu. Mtume, s.a.w., aliipenda Makka, na ilipofunguliwa mwaka 630 alikuwa na uwezo wa kukaa, akarejea Madina kwa watu waliompokea, akazikwa huko. Aibu ni kumwambia mama kila Idi "mwakani, insha'Allah", na moyoni mtu hana nia hiyo. Mwambieni kweli. Mama zetu wamezika waume na watoto. Kweli yawezekana kubebwa. Kinachowachosha ni kungoja.

Tena mkumbuke kwamba kuchagua kwenyewe ni neema. Jamshid bin Abdullah, Sultani wa mwisho wa Zanzibar, alifika Uingereza mwaka 1964. Aliomba kwenda kuishi Oman pamoja na jamaa zake, na kwa miaka mingi hakukubaliwa. Ruhusa aliipata mwaka 2020, akiwa mzee wa miaka zaidi ya 90. Alifariki Maskati tarehe 30 Desemba, 2024. Ninyi mlango wenu hauna bawabu ila hofu na hamu zenu wenyewe.

Neno la mwisho si lenu, ni la sisi tulio nyumbani. Ndugu akirudi, tusimpokee kama hazina iliyofunguliwa. Aliyekabidhiwa fedha ya matofali na hakuyanunua, alipe au aombe radhi, asijifiche kwenye kicheko cha "karibu Mzungu". Tuwasahihishe watoto wake lugha bila kuwacheka. Na mke wake tusimhesabu kuwa mtumishi aliyekawia kufika. Watu wengi walioshindwa kukaa hawakushindwa na joto wala umeme. Walishindwa na sisi.

Bahasha yenu tumeihifadhi. Sasa someni kila mmoja barua ya mwenziwe, kisha tuandikieni tena, na safari hii wekeni barua tatu ndani yake.

Wassalaamu alaykum.